Makala ya Mbembati

Daktari Theopista Kahangwa hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, saa tatu asubuhi, koti la wodini bado mwilini, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kilipo Kituo cha Utando, akasimama mbele ya meza ya Subilaga Mwansasu.

"Wewe ndiye mhandisi mkuu?"

"Ndiye. Karibu ukae, daktari."

"Sikai. Nataka makala moja. Nakala kamili, siyo muhtasari." Aliweka kipande cha karatasi mezani. "Mbembati, E. K. Inahusu dozi ya dawa ya kifafa kwa watoto wa nyanda za juu. Nimeitafuta siku nane. Utando unanipa muhtasari tu. Wenzangu wote wameisoma, mimi mwenyewe nimeisoma, lakini hakuna aliye nayo."

Subilaga alilitazama jina lile.

"Unaitakia nini?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka chumba cha pili.

"Inasema watoto wanaokaa milimani wapewe nusu ya dozi, kwa sababu hewa nyembamba inaifanya dawa ikae mwilini muda mrefu. Tumefuata hivyo miaka miwili. Mwezi huu nina watoto sita ambao kifafa kimewarudia kwa nguvu. Wa saba alifariki Jumanne. Lugano. Ana miaka minne." Daktari akajisahihisha. "Alikuwa na miaka minne. Nataka kuona huyo Mbembati aliwapima watoto wangapi, na aliwapimaje."

"Kwa nini usiwape dozi nzima tu?"

"Kwa sababu makala ikiwa kweli, dozi nzima ni sumu. Dawa yao inayofuata ni saa kumi na mbili jioni. Nimebakiwa na saa tisa tu."

Aliondoka. Viatu vyake vilisikika ngazini mpaka chini.

Subilaga alibaki akilitazama jina. E ilikuwa ya Eliwaza, shangazi yake aliyemlea. K ilikuwa ya Kissa, waliyelala naye chumba kimoja bwenini. Mbembati alikuwa fundi viatu wa pale getini. Subilaga alikuwa ameyaunganisha majina hayo matatu mwenyewe, mchana mmoja wa miaka saba iliyopita, akitafuna karanga.

*

Utando ulianza kama kitu kidogo. Chuo Kikuu cha Mporoto kilikuwa na wanafunzi wa uzamili waliopoteza marejeo yao kila muhula, na Profesa Ndimbo, mkuu wa idara, alimpa Subilaga kazi ya kuunda programu ya kutunza makala, kupanga marejeo, na kuchora ramani za mawazo: duara hapa, mstari pale, wazo hili limetoka kwa fulani, linapingana na la fulani. Ikapendwa. Kisha ukaja ukanda wa kichwani. Ulipoufunga na kusoma, Utando uliacha kusubiri uchore. Ulichora wenyewe, ukifuata namna akili yako ilivyounganisha kitu na kitu.

Toleo la nne ndilo lililobadilisha mambo. Ramani ya mtu mmoja iliunganishwa na za wengine wote, na kile kilichokuwa kinakwenda sasa kikaanza kurudi. Ulifunga ukanda asubuhi, na kufikia chai ya saa nne ulikuwa unakumbuka yaliyomo katika makala mia ambazo macho yako hayakuzigusa. Waliita kurudishiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliweza kubishana na mhadhiri. Vyuo vingine vikaomba kuunganishwa, kisha hospitali.

Kabla ya hayo, wakati wa majaribio, Subilaga alikuwa ameandika mihtasari kumi na moja ya makala za uongo ili kuona kama programu ingezitambua. Ilizitambua kumi. Ya kumi na moja ilipita, kwa sababu aliiandika vizuri mno. Alitaka kuifuta. Siku hiyo umeme ulikatika, kesho yake kulikuwa na kikao, na ikaishia hapo.

Sasa aliifungua. Kazi mia sita na kumi na mbili ziliirejelea. Hospitali nne ziliiweka katika miongozo yao ya tiba. Watu elfu tatu mia nane na sabini walikuwa nayo kichwani. Katikati ya ramani, duara la Mbembati lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyolizunguka, na mistari ilitoka humo kila upande.

Jina la Subilaga mwenyewe lilikuwamo katika orodha ya waliorudishiwa.

*

Alishuka maktaba ya karatasi, chumba cha chini kabisa, ambako Mzee Nsajigwa alikuwa akiorodhesha tasnifu za zamani huku ukanda umekaa juu ya kofia yake ya sufi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetukumbuka huku shimoni?"

"Natafuta makala ya Mbembati. Ya watoto na kifafa."

Uso wa mzee ulichangamka. "Ile! Ile nimeishika kwa mikono hii. Jalada la kijani. Ukurasa wa pili una jedwali, na chini ya jedwali kuna kosa la chapa, wameandika 'watoo' badala ya 'watoto'. Niliisomea pale nje, kwenye benchi. Mvua ilikuwa inanyesha, zile nyepesi, na mimi sikuinuka."

"Mzee, una hakika?"

"Subilaga, nina miaka thelathini na moja humu ndani. Nitasahau kitabu nilichokishika?" Alicheka. "Hata mwandishi namkumbuka. Alikuja kunishukuru. Mama mrefu, anachechemea mguu wa kushoto."

Subilaga alitaka kumwambia kwamba makala ile haina ukurasa wa pili, kwamba ni maneno mia mbili tu, kwamba hakuna mama. Lakini mzee alipotamka neno kuchechemea, yeye naye alimwona: mwanamke mrefu akipita uani, mguu wa kushoto ukiburutwa kidogo, matone ya mvua begani. Alimwona waziwazi kama anavyouona mlango.

Akapanda ngazi mbio. Alipofika juu aliufungia ukanda wake kwenye droo.

Saa tano na nusu alituma tangazo kwa wote elfu tatu mia nane na sabini. Aliandika kwamba makala ya Mbembati ni jaribio lililosahaulika, kwamba yeye ndiye aliyeibuni, na kwamba hospitali zirudi mara moja kwenye dozi kamili. Majibu yalianza kabla hajanyanyua kikombe.

"Mhandisi, acha utani na kazi za watu. Nimeisoma."

"Nilikutana na Dk. Mbembati kwenye kongamano. Alinisaidia sana. Unamwonea wivu gani?"

"Naikumbuka siku yenyewe. Nilikuwa kwenye benchi nje ya maktaba yenu, mvua inanyesha."

Huyo wa tatu alikuwa mfamasia wa mji mwingine. Subilaga alitazama taarifa zake. Hajawahi kufika Mporoto.

Akaanza kuhesabu waliotaja benchi. Alipofika arobaini aliacha.

*

Profesa Ndimbo alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwonyesha kiti.

"Nimeliondoa tangazo lako," alisema. "Limekaa dakika arobaini. Tumshukuru Mungu hakuna aliyeliamini."

"Profesa, mtoto amekufa."

"Nimesikia. Na ninasikitika." Alivua miwani. Juu ya nywele zake nyeupe hapakuwa na alama ya ukanda, ile mistari miwili hafifu ambayo wote kituoni walikuwa nayo. Katika miaka tisa Subilaga hakuwahi kuliwaza hilo. "Unataka kufanya nini?"

"Kuing'oa vichwani mwa watu."

"Unakumbuka Anyimike?"

Alimkumbuka. Anyimike alikuwa mtafiti kijana aliyejitolea mwaka wa jaribio la kwanza la kung'oa. Walimtoa makala moja isiyo na maana yoyote, ya udongo wa chai. Ikatoka. Na pamoja nayo, kwa siku kumi na tisa, Anyimike alisahau Kinyakyusa. Mama yake alikuja kumtembelea, wakakaa wakitazamana.

"Kumbukumbu haikai peke yake," Ndimbo alisema. "Imefungwa na iliyo jirani, na jirani wa huyu siyo jirani wa yule. Kwa Anyimike ilikuwa lugha ya mama yake. Hii imekaa miaka saba, kwa watu karibu elfu nne, nusu yao madaktari. Utawatoa nini? Unajua?"

"Sijui."

"Na utawaomba ruhusa?"

"Nikiwaomba watakataa. Wanaiamini."

"Basi unataka kuingia katika vichwa vya watu waliokukatalia." Alivaa miwani tena. "Sisi tutaandika marekebisho, taratibu. Makala mpya, ya pili, inayoipinga ile ya kwanza. Utando utaisambaza. Mwaka mmoja, mwaka na nusu, dozi itarudi."

"Mwaka na nusu ni watoto wangapi?"

Profesa alizipanga karatasi zake mezani. Kisha akasema, kwa upole ule ule, "Ukigusa duara lile bila idhini yangu, hutakuwa na kazi hapa. Na sitasema kwamba tulizungumza."

*

Saa tisa alasiri Subilaga alikuwa hospitali ya chuo, kwenye korido ya wodi ya watoto, akimweleza Theopista kila kitu. Daktari alisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Subilaga alipomaliza, Theopista alitikisa kichwa.

"Unanidanganya. Sijui kwa nini, lakini unanidanganya. Naikumbuka makala."

"Uliisomea wapi?"

"Nje ya maktaba. Kwenye benchi. Kulikuwa na..."

"Mvua nyepesi. Hukuinuka. Jalada la kijani, na ukurasa wa pili wameandika 'watoo'."

Theopista alimkazia macho. Subilaga akampa simu yake, na daktari akasoma majibu, moja baada ya jingine: mfamasia, muuguzi mkuu wa hospitali ya misheni, mwanafunzi aliyesoma ng'ambo maisha yake yote. Benchi. Mvua. Benchi. Mvua. Alipoyarudisha macho yake, yalikuwa ya mtu aliyegundua kuna mgeni ndani ya nyumba yake na mgeni huyo ana funguo.

"Bado naikumbuka," alisema polepole. "Hata sasa. Naijua ni uongo na bado naikumbuka."

"Hata mimi."

Saa kumi na mbili Theopista aliwapa watoto wale sita dozi nzima. Kwa kila mtoto alikaa kitandani dakika kumi akimtazama anavyopumua. Hakuna aliyedhurika. Kisha akazipigia simu hospitali tatu zilizobaki. Ya kwanza ilimjibu kwa heshima kwamba wao wanafuata utafiti. Ya pili ilimuuliza kama amechoka. Ya tatu ilikata.

"Wana watoto wangapi?" Subilaga aliuliza.

"Wa umri huo? Mia mbili hivi." Theopista aliketi. "Niambie kung'oa kunakuwaje."

Subilaga alimwambia. Amri ikitolewa, kila mtu hung'olewa pale anapofunga ukanda asubuhi. Hakuna maumivu. Alifungua ramani ya Theopista kwenye skrini ndogo, akamwonyesha mistari inayotoka kwenye duara la Mbembati: mwaka wake wa mafunzo kazini, dawa zote za kifafa, mwalimu wake aliyemfundisha kusikiliza kifua cha mtoto. Na mstari mmoja mpya, mnene, wa wiki ile.

"Huu ni nini?"

"Ni Lugano," Subilaga alisema. "Ulipomfikiria ulikuwa unaifikiria makala. Vimeshikana."

Daktari aliugusa mstari ule kwa kidole.

"Alikuwa anapenda nimpe kipimo cha moyo ashike," alisema. "Anamsikiliza mama yake moyo. Anasema, 'Mama ana ngoma.'" Akajifuta uso kwa kiganja. "Ning'oe. Mimi nakuruhusu. Lakini nipe siku mbili. Huwezi kuwaacha madaktari wa wodi nzima bila dozi vichwani mwao."

"Na wengine? Elfu tatu na zaidi hawajui lolote."

"Hilo siwezi kukusaidia, dada. Hilo ni lako."

Kwa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, walikaa katika chumba cha dawa na Muuguzi Edina, mama wa makamo ambaye hakuwahi kupewa ukanda kwa kuwa chuo kiliona wauguzi hawauhitaji. Kutoka vitabu vya zamani vya Mzee Nsajigwa walinakili kwa mkono kadi za dozi: uzito wa mtoto, kiasi cha dawa, saa. Wakazipiga picha na kuzituma kwa wauguzi wakuu wa hospitali zote nne, na Edina akawapigia mmoja mmoja. "Jumatatu madaktari wenu wataamka wamepotewa," aliwaambia. "Msiogope, na msiwangoje. Shikeni kadi." Wauguzi hawakubisha. Wao hawakuwa na benchi wala mvua.

Jumapili, baada ya ibada, Subilaga aliingia kituoni peke yake. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Alilifungua duara, akaandika amri, na mkono wake ukabaki hewani.

Aliwafikiria watu ambao hakuwauliza. Pengine mmoja alikuwa anaisoma wiki aliyofunga ndoa. Pengine mwingine alikuwa amekaa nayo kando ya kitanda cha baba yake. Yeye angewachukulia vitu hivyo bila hata kujua ni vitu gani, na wao wasingejua wa kumlaumu. Alijaribu kutafuta njia nyingine kama mtu anavyopapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Kisha akawafikiria watoto mia mbili wakinywa nusu ya dawa jioni ile.

Akabonyeza. Halafu akaifungua droo, akaufunga ukanda wake mwenyewe. Hakuona haki kubaki mzima.

*

Jumatatu saa nne, simu yake ilianza kutetemeka na haikuacha. Aliiweka kwenye mkoba akaenda wodini.

Wodi ilikuwa kimya isivyo kawaida. Madaktari wawili vijana walikuwa wamesimama katikati ya vitanda kama wageni waliokosea nyumba. Edina alikuwa mbele yao na kadi zake mkononi, akisoma kwa sauti, akimimina dawa, akisogea kitanda kinachofuata. Watoto sita walikunywa. Mmoja alilalamika kuwa ni chungu.

Theopista alikuwa kwenye meza ya mafaili. Alimwona Subilaga, akatabasamu tabasamu la mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi.

"Wewe ni wa Utando," alisema. "Nina karatasi hapa yenye saini yangu, inayosema nilikuruhusu unitoe kitu. Nimeisoma mara tano. Mwandiko ni wangu."

"Unajisikiaje, daktari?"

"Kama meno yangu ya mbele hayapo na ulimi unakwenda pale pale." Alisukuma faili moja mbele. "Nisaidie hili. Huyu mtoto, Lugano, miaka minne. Amefariki wiki iliyopita. Nani alikuwa daktari wake? Hawakuandika jina, wameandika herufi tu."

Edina aliacha kumimina. Subilaga alizitazama zile herufi mbili, T na K, mwisho wa kila ukurasa.

"Ni wewe," alisema.

Theopista alirudi ukurasa wa kwanza. Alisoma akiwa amesimama, bila haraka, kidole kikifuata mistari: siku alipolazwa, dozi aliyopewa, saa kifafa kilipoanza, saa kilipokoma. Alisoma mpaka mwisho. Hakulia. Hilo ndilo lililomwogofya Subilaga kuliko kilio chochote.

"Nilimpa nusu," Theopista alisema.

"Kwa sababu yangu."

"Mama yake ameambiwa?"

"Aliambiwa ni mapenzi ya Mungu," Edina alisema kwa sauti ndogo. "Wewe mwenyewe ulishindwa kuongea siku ile. Ulikuwa unalia."

Daktari alifunga faili. Alivua koti, akalitundika.

"Anakaa wapi?"

"Inyala, juu ya kiwanda cha pareto."

"Twende," alimwambia Subilaga. "Mimi sina ninachokijua. Utasema wewe."

Walikwenda kwa gari la hospitali. Simu ilitetemeka mkobani. Mara moja Subilaga aliitazama: kulikuwa na ujumbe wa Profesa Ndimbo, mfupi, wa kumwachisha kazi, na juu yake mia nne kutoka kwa watu asiowajua. Alifungua mmoja. Mtu alikuwa ameandika, "Tafadhali, mke wangu anasema tumezaa watoto watatu. Mimi nawakumbuka wawili. Nani naweza kuzungumza naye?"

Aliizima skrini. Alijaribu kukumbuka sauti ya shangazi yake aliyemlea. Alijua alikuwa na shangazi. Alijua ameshakufa. Alipojaribu kuuona uso, palikuwa na ukuta uliopakwa rangi upya.

Nyumba ya Inyala ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na mwanamke alikuwa kibarazani akimenya maharage mabichi kwenye sinia. Alipomwona Theopista alisimama haraka, maganda yakamwagika, akamjia mikono imenyooshwa kama mtu anayekimbilia ndugu.

"Daktari! Umekuja! Niliwaambia atakuja, huyu daktari ana moyo, siyo kama wengine."

Theopista alikumbatiwa. Juu ya bega la mama yule, macho yake yalikuwa wazi na hayakumjua.

"Pole, mama," alisema. "Huyu dada ana jambo la kukwambia."

Mama alimwachia, akajifuta mikono kwenye kanga, akamgeukia Subilaga. Alimwekea kigoda. Subilaga hakukaa.

"Mama Lugano," alianza, "mwanao hakufa kwa mapenzi ya Mungu. Alipewa dawa pungufu, kwa sababu ya uongo ulioandikwa. Niliuandika mimi."

Mama yule alimtazama, kisha akamtazama daktari ili amsikie akikanusha. Theopista alisimama tu palepale, mikono ikining'inia, akingoja pamoja naye kusikia yaliyobaki.